K ya Ziada

Chini ya zulia la bibi, huko San Braulio, Uruguay,
nimekuta gazeti la mwaka thelathini na mbili,
mende wamelila hadi kwenye bei za ngozi.
Kichwa chake bado kinapiga kelele:
DARAJA JIPYA: MEYA AZINDUKA.

Alizindua, jamani. Alikata utepe, macho makavu.
K ile ilidondoka kidoleni mwa Eleuterio Bentancur,
mpanga herufi, aliyekuwa na usingizi wake mwenyewe.

Kesho yake wakaomba radhi kwa wino mzito:
MEYA HAKUZIMIA, ALIFUMBA MACHO TU.
Hapo ndipo mji ulipovunjika mbavu.

Ukurasa wa pili: NDEGE ZA ABIRIA NI UPUUZI WA KUPITA.
Wa tatu: VITA HAVITARUDI, ASEMA MTAALAMU.
Hayo hakuna anayeyakumbuka.

Meya alijenga shule, akachimba visima;
jina lake limefutika hata kaburini.
Eleuterio alifukuzwa. Gazeti likafa.
K ipo.

Muulize mtoto yeyote: lile ni Daraja la Zinduka,
na dereva wa basi akilikaribia
hupiga honi mara mbili,
mheshimiwa asije akapitwa na kituo.