Usikatie Ndani

Ngoja, Obura. Usiitoe hiyo foku kwenye gunia
hapa mezani, karibu na sahani za watoto.
Najua Jumapili mnapanda Riat.
Najua shingo imezidi kwa vidole viwili
na wenzako watakucheka. Wacha wacheke.

Mimi nililelewa na chuma.
Chuma ukikikata kinapiga kelele, kinarusha cheche,
kinakuunguza papo hapo, mnamalizana.
Hakina kinyongo.
Hiki cheusi kilichokuja na marobota ya mitumba
ni chepesi kama mkate wa jana,
hukatika kwa upole,
na vumbi lake ni laini, linang'aa kidogo,
ungedhani ni wanja.

Ya kwanza niliikata chumbani,
mlango nimeufunga kwa sababu ya mvua.
Nikapuliza vumbi kwa mdomo wangu huu.
Nikajifuta kwa shuka.

Usiku Apondi akaamka akijikuna shingo.
Mtoto, wakati huo ana miezi saba,
alilia mpaka jirani wa ploti akagonga ukuta.
Tukasaka kunguni kwa tochi ya simu,
tukageuza godoro,
tukamwaga maji moto kwenye mbao za kitanda.
Kunguni hakuna.
Wahenga walisema kikulacho ki nguoni mwako;
hawakusema kwamba huenda umekileta mwenyewe,
kwamba hakina miguu, wala damu, wala hakifi.

Siku tatu nilikuwa nikibandua vibanzi viganjani kwa tepu.
Kifuani tepu haifiki.

Kwa hiyo twende nje, nyuma ya bafu,
tusimame upepo wa ziwa ukitupiga mgongoni.
Vaa barakoa hii. Si ile ya kitambaa
uliyovaa wakati wa korona,
hii ya wapaka magari, yenye pua mbili.
Miwani. Glavu. Shati la mikono mirefu,
jua lichome litakavyo.
Apondi! Anua nguo kwanza, na watoto wahame kambani!

Nipe mtungi. Ndiyo, ni maji ya kununua,
nami nitayamimina polepole juu ya msumeno
kama mtu anayemnawisha mgeni,
vumbi lisipate kuruka, liwe tope.

Pima. Rudisha usukani na pete zake zote, pima tena.
Watu husema kata pua uunge wajihi;
pua hii haina wajihi wa kuungwa,
ukikata fupi umenunua foku nyingine.
Zungusha tepu, chora juu ya tepu.
Meno madogo. Usikandamize, hatukati muwa.
Ukikaribia mwisho geuza, malizia upande wa pili,
nyuzi zisichanike.

Unasikia?
Kama panya anatafuna kadibodi.
Hiyo ndiyo kelele yake yote.

Sasa msasa, nao ulowe.
Na hapa ukingoni pakaa hii, usicheke,
rangi ya kucha ya Apondi.
Aliniachia chupa nzima baada ya usiku ule,
akasema: unachokifungua, ukizibe.

Tope lizoe kwa gazeti, funga mfukoni, mafundo mawili.
Si mtaroni.
Mtaro huu unapita kwa mama Khasoa
na pale ndipo anapooshea sukuma.
Nawa kwa maji baridi, usisugue.
Shati livue hapahapa, ulifue peke yake,
na usimpe mama yako akufulie.

Haya, ingia, chai iko.
Yule mtoto sasa ana miaka sita.
Nikitoka kazini jioni hunizuia kizingitini,
hunigeuza kama askari wa benki,
ananipangusa mabega, kola, hata nyusi,
anakagua vidole vyake kwenye mwanga,
ndipo anakumbatia.