Nati Tatu

Pijo ya baba ilikuwa na nati tatu kwa kila gurudumu.
Si nne, si tano. Tatu, kama mafiga,
na hivyo ndivyo nilivyojifunza kuhesabu,
nimechuchumaa uchochoroni Kibokoni
na spana iliyouzidi mkono wangu.

Baba alipotutoka, kaka yangu Badawi
akaziuza rimu za asili kwa kilo, kama nyama,
akaivisha gari rimu za kung'ara,
zikang'ang'anizwa kwa vipande vya kuchomelea,
na tairi pana kama viatu vya kuazima.
Kipya kinyemi, ingawa kidonda:
kila kona ya Makupa mpira ulisugua bodi
ukalia kama mtu aliyebanwa kidole mlangoni.

"Ya kale hayanuki," Badawi akasema.
Yananuka. Yananuka kutu,
ile harufu ya sarafu iliyolowa jasho la kiganja.

Rimu ya kwanza niliipata Majengo, imegeuzwa jiko.
Muuza mahamri hakutaka pesa, alitaka jiko.
Nikamnunulia jiko.
Ya pili na ya tatu zilikuwa Tudor, zimezama kwenye sementi,
zimeshika nguzo za wavu wa voliboli.
Fundi Mwachiro aliipasua sementi siku mbili,
akitukana kwa Kidigo, kwa adabu.
Kama zilikuwa za Pijo yetu au ya mwingine, sijui.
Chuma hakiandikwi ubini.

Kisha msasa.
Chini ya rangi ya fedha, nyeusi;
chini ya nyeusi, nyeupe ya harusi ya watu nisiowajua;
na chini kabisa, kadiri ya ukucha,
rangi ya maziwa yaliyotiwa tone la chai.
Nikaibeba rimu nzima mpaka duka la rangi,
kwa sababu rangi haisimuliki.

Kwa Hasmukh, Mwembe Tayari, tukabishana tairi.
"Dada, chukua pana, zinashika barabara."
Nikamtolea risiti ya baba, karatasi iliyolainika kama leso:
mia na sitini na tano kwa kumi na tano,
shilingi sabini na saba.
Akavaa miwani. Akanyamaza.
Alikuwa akizitazama zile saba, zenye mkato katikati,
mwandiko wa babake.
Tairi zilichukua wiki tisa kufika:
ndefu, nyembamba, nyeusi tititi,
meno ya mtindo wa zamani, tarehe ubavuni ya mwaka jana.
Sura iwe ya kale, mpira uwe mpya;
napenda asili, lakini sitaki kuifia.

Ya nne ilinipata yenyewe.
Jomvu, nimesimama kununua maji, ikalia.
Shule ya msingi. Kwenye boriti ya baraza
rimu inaning'inia kwa mnyororo,
mtoto anaigonga kwa kipande cha nondo.
Matundu matatu.

Mwalimu Dzame hakunicheka.
"Umri wote wa shule hii umo humo," akasema.
Nikaleta rimu ya lori. Tukaigonga.
Watoto wakasikiliza kama wanaoonja mchuzi.
"Hii ina mafua," akasema mmoja.
Hata hivyo nilipewa.
Mpaka leo sijui kama nilistahili.

Mwachiro akaunyoosha ukingo uliopondwa na nondo,
karibu wote. Mahali pamoja nikamwambia: hapo acha.

Sasa Pijo imesimama wima, wembamba wake umerudi,
kama mtu aliyekwisha rudisha viatu vya watu.
Badawi huizunguka, hasemi kitu,
anahesabu nati kwa ncha ya ndara.

Nikifika hamsini, darajani Nyali,
gurudumu la nyuma, la kulia, hutetemeka kidogo.
Silioni. Nalisikia kitini, chini ya uti wa mgongo:
saa nne. Mapumziko.
Naondoa mguu kwenye mafuta.