Kidole Gumba

Dirishani mwa duka la Tuckwell, hapa Bristol,
shilingi moja yanunua malkia.
Yu wima kwenye kadi isiyozidi kiganja,
taji kichwani, mkono kifuani,
na chini, kwa wino wa dhahabu: Lavinia Harcombe.

Watu wameutia kioo ukungu kwa pumzi zao.
Karani wa benki anazo sita, ya saba anaisaka,
ile ya nywele zilizofumuliwa.
Mimi sina haja na nywele.
Nywele nazijua: nusu ni za farasi.

Mimi ndiye niliyeshona.
Taji ni boksi la viatu na gundi,
joho lilikuwa pazia la mjane mmoja wa Clifton,
na gauni lilikuwa jekundu, jekundu la kukera macho.
Dawa za mpigapicha haziupendi wekundu:
limetoka jeusi tititi, kama la eda.
Macho yake ya buluu yametoka meupe, samaki wa jana.
Nao wanunuzi husema: tazama huzuni yake!

Ilikuwa Jumatatu, chini ya paa la vioo.
Shingo yake ilibanwa kwa chuma kutoka nyuma
(angalia vizuri, mguu wa chuma wachungulia kisigino;
malkia ana miguu mitatu).
Akaambiwa asipumue hadi nane.
Joho likaanza kuporomoka.
"Lishike, Hephzibah. Usionekane."
Nikapiga magoti nje ya picha,
nikalishika.
Moja. Mbili. Inzi akanitua sikioni. Tatu.

Nami sikupumua, ingawa hakuna aliyeniambia.

Leo nimetoa shilingi yangu, chai ya siku nne.
Tuckwell akauliza kama nampenda sana bibi yule.
"Kidogo," nikasema.
Sikumwonyesha ukingo wa kushoto,
pale pindo linapokomea:
kidole gumba changu, na subana bado kimeivaa.

Kiko Bath. Kiko Cardiff. Kiko ndani ya albamu za ngozi
kati ya askofu na mjomba aliyefia India,
sebuleni mwa watu ambao kwao
mimi hubisha hodi mlango wa jikoni.

Msimu ujao watamchoka Lavinia.
Kadi zitashuka, peni mbili, pengine moja,
zitatupwa kapuni kando ya bahasha zilizofifia.
Hapo ndipo nitakaponunua nyingine.