Damu ya Kabla, Damu ya Baada

Katuba, saa kumi na moja alfajiri, umeme umekatika,
nami nafunga kamba ya mpira kwenye mkono wa Mwilambwe
kwa mwanga wa simu niliyoing'ata kwa meno.
Chupa ya kwanza: kabla.
Naandika jina, saa, namba ya juma.

Vyuma vyake havikutoka dukani.
Ni magurudumu ya mabehewa yaliyostaafu,
fundi mmoja wa reli aliyakata kwa bei ya katoni ya bia,
kila moja limeandikwa uzito kwa chokaa, uzito wa kukisia:
hamsini, au karibu na hamsini.
Anainama. Anavuta pumzi kama mtu anayetaka kupiga mbizi.
Gurudumu linaachana na udongo mwekundu,
na huko ndani, tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia
zinapiga yowe.

Chupa ya pili: baada.
Humo mna makelele, mimi huyasoma kwa namba.
Kortisoli imepanda ukuta bila ngazi.
Adrenalini imeshapita, imeacha mlango wazi.
Testosteroni imekuja na viatu vyake vya Jumapili,
mgeni wa nusu saa,
kiti hakijapata joto, amekwisha kuaga.
Vijana wa barazani humsifu huyo mgeni tu,
wananiuliza anauzwa wapi, kwa sindano ngapi.
Nawaambia, huyo hajengi peke yake.
Tazameni mlango.

Maana juma la kwanza mwili ulilia moto! moto!
kama jirani aliyeona moshi wa makala akadhani nyumba inateketea.
Juma la kumi na mbili, gurudumu lile lile,
udongo ule ule,
mwili ulifungua jicho moja,
ukasema, aa, kumbe ni wewe,
ukarudi kwenye kazi zake.
Na ndani ya misuli, vipokezi
(niviite nini? vitasa? masikio?)
vilikuwa vimeongezeka, mnong'ono ukatosha
pale palipotaka kelele.
Hata sukari, iliyozoea kuzurura damuni baada ya bukari:
insulini iligonga mara moja, ikafunguliwa.

Nilifurahi. Niliandika kwa kalamu nyekundu.
Nikampelekea baba daftari.

Baba yangu, Kalenga, alibeba magunia ya mawe ya shaba
miaka kumi na tisa, kutoka shimoni hadi kwenye lori,
mazito kuliko gurudumu lolote la Mwilambwe,
na begani hakuota hata tonge la nyama.
Alikonda. Alikonda huku akibeba.
Alizifuata namba zangu kwa kidole, taratibu,
kama anayetafuta jina lake kwenye orodha ya mishahara.
"Na mule mu damu yangu," akauliza,
"kulikuwa nini?"

Sina chupa ya baba.
Miaka ile hakuna aliyekuja alfajiri na kamba ya mpira.
Ningeweza kukisia, kama ule uzito wa chokaa:
kortisoli iliyopanda asubuhi ikakosa pa kushukia,
ikaula msuli iliotumwa kuutetea;
homoni ya kukua, ambayo huja usiku
mtu akiwa amelala fofofo,
ikabisha hodi, ikamkuta macho, yuko zamu,
ikageuza njia.
Mwilambwe hutua mzigo wake. Hula mayai mawili,
hulala hadi jua lichome pazia.
Dawa yenyewe ndiyo hiyo, na haimo sindanoni.

Sikumwambia hayo. Nilisema, "Sijui, baba."
Akafunga daftari, akalipangusa vumbi ambalo halikuwepo.
"Siku ingine ukuje na chupa."

Leo nimekuja nayo.
Amekunja mkono wa shati mwenyewe.
Mshipa wake ni mnene, umelala juu ya mfupa kama reli.
Ametazama gurudumu dogo kuliko yote,
la kumi, au karibu na kumi,
amelisukuma kidogo kwa ncha ya kiatu,
kama anayemjaribu mbwa wa mtu.
"Andika," akasema. "Andika: kabla."