Mpaka kwenye Alama

Newala maji hununuliwa.
Liweke hilo akilini kabla sijaanza,
maana watu wa bondeni hawajui
jinsi ndoo moja inavyomfanya mtu aibe
bila kujua anaiba.

Duka lilikuwa la Bi Somoe Hokororo,
jirani na ghala la chama cha msingi,
mlango wa bluu, mizani ya shaba isiyotumika tena
ila kuzuia risiti zisipeperuke.
Miaka thelathini na moja ya kuhesabu vidonge
vitano vitano, kwa kisu butu.
Mimi nilifika na koti jeupe, majina marefu ya dawa,
na haraka.

Dawa hakunifundisha. "Umeshasoma," alisema.
Alinifundisha kuuliza.
Anakohoa tangu lini?
Baba yake alirudi shamba na shati lenye salfa?
Mtoto alilalia shati hilo?
Na mama aliyekuja kununua vidonge
akaondoka na neno la kufua shati,
mikono mitupu,
na kisanduku chetu cha fedha kitupu vilevile.

Msimu wa malipo walikuja wanaume na noti mpya:
"Nipe ile kali."
"Kali ya nini?" Akanusa hewa kidogo.
"Hii na uraka havilali nyumba moja. Chagua."
Mmoja alitutukana hadi barabarani.
"Atarudi," akasema Bi Somoe.
Hakurudi. Alinunua duka la pili.

Siku ile maji yaliyochemshwa
yalibaki ya kulowesha kope tu.
Mama alitoka Mnyambe, mtoto mgongoni
akihema juu juu,
chupa ya unga mkononi mwangu, mstari umechorwa pale.
Nikamimina. Nikatikisa.
Povu likapanda, likaufikia mstari,
nami nikaliamini povu.

Alasiri Bi Somoe aliinua ndoo.
"Umechanganya chupa ngapi?"
"Moja."
"Kwa maji yapi?"
Sikujibu. Huko liliko, povu lilikuwa limeshatulia.

Alifunga duka siku ya mnada,
foleni ingali mlangoni.
Pikipiki moja, vumbi jekundu, sisi wawili nyuma ya Likwata,
chupa mpya na maji yaliyopoa
amevikumbatia kifuani.
Njia nzima nilikuwa natunga:
mstari haukuonekana vizuri,
mama mwenyewe alikuwa na haraka,
kiwandani walizidisha unga.

Alipofunguliwa mlango alisema neno moja:
"Tumekosea."

Tu.
Hakuwepo nilipomimina.
Angesema *amekosea*, ingekuwa kweli tupu,
na mimi ningebaki peke yangu uani pale
na kuku wa watu.

Tukachanganya upya mbele ya macho yake,
tukasubiri povu lishuke, tukaongeza,
tukasubiri tena. Hakuna aliyezungumza.
Mama akasema: "Nilishampa kijiko kimoja."
Kisha, bila hasira: "Kwenu sinunui tena."
Na hakununua.
Mtoto alipona. Silisemi hili ili kujisafisha.

Usiku, kwenye daftari la makosa,
(kumbe lilikuwepo, limejaa mwandiko wake tangu ujanani)
aliandika tarehe, dawa, kijiji, jina lake.
Akanipa kalamu.
"Andika na lako. Chini ya langu, si badala yake."

Sasa macho yake yamechoka, yuko kwa mwanawe Kitangari.
Ufunguo ninao mimi.
Asumpta, binti wa mafunzo, ana mikono myepesi
na haraka niliyokuwa nayo.
Leo ameshika chupa, wateja wanagonga meza kwa sarafu.
"Imefika," ananiambia.
"Subiri."
"Mpaka lini?"

Nje muuza maji anasukuma baiskeli yake, madumu yanagongana.
Namwonyesha vidole:
mawili.