Nimefika Kwenye Mkate

Nilianza saa kumi na mbili na robo,
kufuli bado mkononi, umande bado kwenye viatu:
Baba,
na hapo Imbuga akapiga hodi na gunia lake,
anataka ya uji, laini, ichanganywe mtama na wimbi
na muhogo kidogo, si mwingi kama wa juzi.
Nikamwambia Baba, ngoja.
Ndivyo nilivyomwambia. Kama mteja wa mkopo.

Nikawasha. Mashine ya kusaga haijui kunong'ona.
Huanza kwa kukohoa, kisha hunguruma
mpaka bati linatetemeka na misumari yake,
mpaka watu wa duka la dawa, ng'ambo ya barabara ya Chavakali,
wanaulizana bei kwa vidole.
Nikafika kwenye jina lake,
simu ikatikisika ndani ya aproni:
chama, mia mbili, mwisho leo.
Nikafika kwenye ufalme,
Kageha akaniinamia sikioni, akapiga kelele,
umesikia binti wa mwalimu Asava
karudi kwa mama yake na masanduku mawili?
Nami, badala ya kuungoja ufalme,
nikauliza: mawili tu?

Saa sita nilikuwa kwenye mkate.
Huku kwetu mkate ni ugali, nadhani anaelewa.
Nikasimama pale kwenye mkate muda mrefu,
unga ukishuka mfukoni, moto kama pumzi ya ng'ombe,
nyusi zangu nyeupe, kope nyeupe,
mtoto mmoja akasema, mama huyu leo amezeeka.
Nikasema moyoni: toa, toa tena,
nikasahau ni nani ninayemwambia,
Yeye au kinu.

Miaka yote nimeilaumu hii mashine.
Kwenye ibada ya kina mama najitetea:
ninyi mnashona, mnapalilia, kazi za kimya.
Mimi naishi ndani ya radi.
Basi saa nane stima ikapotea.

Mkanda ukazunguka mara tatu kwa mazoea, ukalala.
Kimya.
Kimya cha kumsikia kuku akikwaruza nyuma ya ukuta.
Nikasema, haya, sasa, hakuna kisingizio.
Nikafumba macho,
na kichwa changu kikaanza kusaga.
Kikasaga karo ya Ndeda,
kikasaga lile neno la wifi yangu matangani,
kikasaga bei ya mahindi ya Kitale, kikarudia,
kikasaga hata sala yenyewe, ikatoka pumba.
Bila mkanda. Bila stima.
Nikacheka peke yangu mle gizani.
Kumbe mashine ya nje ilikuwa ikinisitiri.

Sijapata dawa.
Ninachofanya ni hiki: nikishtuka niko mbali,
sirudi mwanzo. Zamani nilirudi mwanzo,
kama mtoto aliyekosea kuhesabu,
na miaka ikapita sijavuka neno la kwanza.
Siku hizi naweka alama pale nilipoachia,
kama tunavyoweka jiwe juu ya gunia
la mtu aliyekimbia kununua chumvi,
foleni isimpite.

Stima ilirudi saa kumi. Nilikuwa kwenye madeni.
Na nani akaingia? Msichana wa Vugutsa, gorogoro mbili,
macho sakafuni.
Jina la mama yake limo daftarini tangu Februari,
mia tatu na arobaini.
Nikatazama kalamu. Nikatazama juu: bati, misumari.
Nikafuta mia na sabini.
Nusu. Nisiseme uongo mbele ya Mungu,
stima nayo ina bili.
Ila nilikata kwa wino, mstari mmoja, mnene,
na msichana akauona.

Usiku, nikijikung'uta unga mlangoni,
nikakumbuka sijasema amina.
Nikafunga kufuli, nikaiacha ndani.
Kesho saa kumi na mbili na robo
nitamkuta Baba wa kwanza kwenye foleni,
na Imbuga nyuma yake,
akilalamikia muhogo.