Saa Kumi na Moja Kasorobo

Mwili haukuambiwa kwamba ng'ombe wameuzwa.
Saa kumi na moja kasorobo bado unanikurupusha,
miguu inapapasa mabuti gizani,
na nje theluji ya Jämtland imelala bila unyayo,
hakuna lori la maziwa litakaloikanyaga.

Ishirini na wawili waliondoka Oktoba, Jumanne.
Majros alikataa kupanda. Dereva akaniomba radhi,
mimi nikamwomba radhi Majros,
naye hakumwomba mtu radhi:
alikunya mlangoni, ndipo akapanda.

Sasa kitanda cha mfumi kimesimama chumba cha tangi,
kwa kuwa ngazi za nyumbani hazikukipitisha.
Chini yake bado pana tundu la kutolea maji;
mkasi wangu mdogo ulitumbukia humo wiki ya kwanza
na haujarudi.
Nina vitanda viwili, basi.
Cha kulalia, Torsten aliniachia nusu yake miaka minne iliyopita.
Hiki nakijaza mwenyewe, sentimita kwa sentimita.

Aliyenifundisha ni Hjördis,
themanini na tatu, mkali kama siki.
Zulia langu la kwanza lilianza pana likaisha jembamba.
Akaligeuza, akasema, "Hili litamfaa mtu anayeondoka."
Hakucheka. Mimi nilicheka nilipofika kwenye gari,
halafu nikaacha.

"Vuta mtande! Mbona unaubembeleza?"
Navuta jinsi nilivyovuta ndama usiku wa manane:
mama anaposukuma, si kabla;
mguu mmoja ukitangulia, ungoje wa pili.
Hapo ananyamaza. Kunyamaza kwake ndiyo sifa.

Nyuzi mia tatu na kumi na mbili.
Nazihesabu kama nilivyohesabu mifugo jioni,
na kama jioni nyingine, mmoja hayupo.
Ameruka pengo la kitana, kajibanza kwa jirani,
na kosa lake litashuka zulia zima, mita nne,
kimstari chembamba kama njia ya ng'ombe kwenda mtoni.

Mshindio ni nguo zetu.
Shuka za mama. Mapazia ya jikoni.
Ovaroli za Torsten, za buluu,
nimezichana vipande vya upana wa vidole viwili.
Nimezifua mara tatu, lakini kila nikigonga kitana
zinatoa harufu ya saileji,
na mimi, mjinga, nagonga tena.

Juzi mwanamke kutoka Stockholm alilipapasa
akauliza limenichukua saa ngapi.
Arobaini, nikasema. Ningesema miaka
angedhani nampandishia bei.
Kidole chake kikasimama. "Hapa pamekosewa?"
Pamekosewa.
Akalikunja taratibu, akanunua lile dogo, jekundu.

Kwa hiyo lipo hapa, sakafuni pa chumba cha tangi.
Alfajiri nalikanyaga bila soksi, kabla sijawasha taa.
Kidole gumba hukipata kile kimstari,
hukifuata hadi kwenye benchi.
Nakaa. Miguu inayapata makanyagio.

Huko mlimani mtu akiamka kukojoa
akaona dirisha langu lina mwanga saa hizi,
atasema, bado anakamua yule.

Aseme.